Mboni Mbili, Tochi Moja

Vitabu vya udaktari vinaeleza jaribio hili kana kwamba ni kazi ya dakika moja. Punguza mwanga chumbani, mwambie mgonjwa atazame mbali, mulika jicho la kulia, hesabu mbili, hamishia tochi jicho la kushoto, hesabu mbili, rudi ulikotoka. Mboni zikisinyaa sawasawa, heri. Mboni ya upande mmoja ikitanuka palepale inapomulikwa, neva ya jicho hilo ina kasoro. Nililijaribu kwa shangazi yangu, Kibamba, jioni moja umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu, na sikuona kitu. Sisemi kwamba niliona macho mazima. Mboni zenyewe sikuziona. Duara linaloizunguka mboni lina weusi uleule wa mboni, na katika giza lile nilichoambulia ni doa jeusi lenye nukta ya mwanga inayometameta juu yake.

Kumbe picha za vitabuni hupigwa kwenye macho ya bluu.

Kilichonipeleka kwa shangazi ni mdogo wake, baba yangu mdogo, fundi seremala. Kwa muda mrefu alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu za milango, nyingine alizitengeneza kwa mikono yake, naye akawa analaumu milango. Alishapima macho. Huku kwetu kupima macho maana yake ni kusomeshwa herufi ukutani na kutoka na miwani, na yeye miwani aliipata na kusoma alisoma, maana jicho la kulia lilikuwa likimbebea mzigo mwenzake. Siku alipofika mbele ya daktari wa macho hasa, jicho la kushoto lilibaki la kutofautisha mchana na usiku tu, na la kulia nalo limeanza kuliwa pembeni. Glakoma. Daktari alimulika kwanza kwa tochi, kabla ya mashine yoyote, akatikisa kichwa. Mambo mengine yote yaliyofuata yalithibitisha kile ambacho tochi ilikwisha kusema.

Swali likaniganda tangu siku hiyo: ikiwa tochi ilitosha kumfanya daktari atikise kichwa, kwa nini tochi hiyo haikuwa mahali ambapo baba mdogo alikuwa akipita kila mara, yaani zahanati ya mtaani, dawati la kupima presha, duka la miwani?

Tuanze na jina, kwa sababu jina lina lawama yake. Mtaani ugonjwa huu tunauita presha ya macho. Mtu akiambiwa anayo, hukimbilia presha aliyoizoea, ile ya mkanda wa mkononi. Anameza vidonge vyake, anapunguza chumvi, anaona amemaliza. Hata baadhi ya wahudumu wa afya wamebaki na imani kwamba msukumo wa ndani ya jicho ukipimwa na kukutwa wa kawaida, basi jicho ni zima. Utafiti mkubwa wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulikwisha kuonyesha kuwa zaidi ya nusu ya macho yenye glakoma yalikuwa na msukumo chini ya milimita 22 za zebaki yalipopimwa mara moja. Glakoma ni kufa kwa neva ya jicho, ule mkanda wa nyuzi zipatazo milioni moja unaopeleka picha kwenye ubongo. Msukumo mkubwa ni kichocheo chake kikuu, na ndicho tunachoweza kukishusha kwa dawa, lakini kumpima mtu msukumo peke yake na kumwambia aende nyumbani ni sawa na kupima mvua badala ya kuangalia kama nyumba imeingia maji.

Na kinachokufa hakirudi. Mtoto wa jicho huondolewa, lenzi ikawekwa, mtu akaona tena. Neva iliyokufa haina upasuaji.

Wangapi wanayo? Hapa Tanzania hatuhitaji kubahatisha. Katika vijiji sita vya wilaya ya Kongwa, Dodoma, watafiti waliwachunguza watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Asilimia 4.16 walikuwa na glakoma ya aina moja au nyingine. Aina ya pembe wazi, ile isiyouma wala kuwasha wala kutoa machozi, peke yake ilikuwa asilimia 3.1. Kongwa si Kibamba, lakini chukua kiwango hicho kama kipimo cha kuanzia: jaza Coaster moja ya kutoka Mbezi kwa abiria waliovuka miaka 40, na kuna uwezekano mkubwa mmoja wao anayo. Makadirio ya dunia yaliyotolewa mwaka 2014 yaliiweka Afrika juu ya mabara yote kwa kiwango cha glakoma ya pembe wazi, yakatabiri wagonjwa milioni 76 duniani ifikapo 2020 na milioni 111.8 ifikapo 2040.

Sasa iangalie Kibamba ilipo. Ni ukingo wa jiji, kandokando ya Barabara ya Morogoro, kabla hujaingia Pwani. Zamani ilikuwa Kinondoni, mpaka Ubungo ilipopata manispaa yake. Kwa miaka mingi mtu wa huku aliyetaka daktari bingwa wa macho alikuwa na safari ya kwenda Muhimbili, Upanga, au CCBRT kule Msasani: daladala, kusimama, kubadilisha, kusimama tena. Lakini Novemba 2017 hospitali ya Mloganzila ilizinduliwa rasmi, na leo mkazi wa Kibamba anaishi jirani na hospitali kubwa kuliko wakazi wengi wa katikati ya mikoa yetu. Kwa hiyo kile kilio cha "hospitali iko mbali" huku kimepungua nguvu. Kilichobaki ni kikubwa zaidi: mtu hana sababu ya kwenda. Haumwi. Anaona. Anauza genge lake, anahesabu chenji vizuri, anavuka barabara ya njia nane na kurudi. Ukimwambia apande gari aende akakae benchi kutwa nzima kwa ajili ya jicho lisilouma, atakuambia atakwenda wiki ijayo, na wiki hiyo haifiki.

Mimi hoja ya mboni naiangalia kwa jicho hilo. Jaribio la tochi haliponyi na halithibitishi glakoma. Kazi yake, likifanywa vizuri, ni kumpa mtu mmoja mahususi sababu ya kupanda gari.

Linavyofanya kazi ni hivi. Kila jicho lina njia yake ya kupeleka habari za mwanga nyuma, mpaka kwenye shina la ubongo. Huko habari za macho yote mawili hukutanishwa, na amri ya kusinyaa hurudishwa kwa mboni zote mbili kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana ukimmulika mtu jicho la kulia, la kushoto nalo husinyaa ingawa liko kivulini. Kwenda ni kila mtu na njia yake, kurudi ni pamoja. Wafikirie walinzi wawili wa mageti mawili wanaoripoti kwa mkuu mmoja kwa redio, na mkuu akitoa amri wote wanaisikia. Mmoja redio yake ikiwa inakufa, ripoti yake inafika kwa sauti ndogo, mkuu anadhani kwenye geti hilo kumetulia, anawaambia wote wapumzike. Hivyo ndivyo mboni ya jicho bovu inavyotanuka tochi inapolihamia. Mwanga haujapungua. Ni taarifa ya mwanga iliyopungua njiani.

Wazo ni la kale kuliko neno glakoma kwa maana yake ya leo. Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyefariki mwaka 925, anatajwa na wanahistoria wa tiba kuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwamba mboni husinyaa kwenye mwanga na kutanuka gizani. Na kabla yake, tangu enzi za tabibu Galeni, waliokuwa wakisukuma mtoto wa jicho kwa sindano walikuwa wakichungulia kwanza kama mboni bado inacheza. Isipocheza, walijua kuwa hata wakiondoa ukungu mgonjwa hataona. Mwaka 1902 daktari wa Uingereza, Robert Marcus Gunn, aliandika juu ya mboni inayoshindwa kuendelea kusinyaa ingawa mwanga bado upo, na jina lake likabaki kwenye dalili hiyo. Namna ya kuhamisha tochi huku na huku, ile ambayo wanafunzi wa udaktari wanaijua leo, ilielezwa na daktari Levatin mwaka 1959. Tangu hapo haijaongezwa kitu kikubwa, maana haina cha kuongezwa.

Ila ina mipaka, na mpaka wa kwanza unatokana na ufundi wake wenyewe: inalinganisha jicho na jicho. Glakoma mara nyingi huanza kwa kupendelea upande mmoja, ndiyo bahati yetu, lakini si lazima iwe hivyo. Ikila pande zote mbili kwa kasi moja, walinzi wote wawili wana redio mbovu sawasawa na mkuu hana wa kumlinganisha na mwenzake. Tochi itahama kulia kushoto na mboni zitacheza kwa adabu. Watafiti wa Japani walioripoti mwaka 2007 walikuta kuwa tofauti huanza kuonekana kwa tochi pale unene wa tabaka la nyuzi za neva kwenye jicho lililoathirika zaidi unapokuwa umepungua kwa takribani asilimia 27 kuliko jicho la pili. Hiyo si mapema. Ila kabla hatujaidharau tochi, tukumbuke kuwa hata ile mashine ya kupima uwanda wa kuona, ambayo mgonjwa huingiza kichwa na kubonyeza kitufe kila anapoona nukta, haianzi kulalamika mpaka asilimia 25 hadi 35 ya seli husika ziwe zimekwisha kufa. Katika ugonjwa huu karibu kila kengele hulia mwizi akiwa tayari sebuleni.

Mpaka wa pili ndio ulionikuta kwa shangazi. Sijui kwa nini mafunzo hayausemi kwa sauti zaidi: kwa mtu mwenye macho meusi, chumba chenye giza hukunyima mboni, na chumba chenye mwanga hukunyima mchezo wa mboni. Wanaofanya kazi hii kila siku wana mbinu zao. Hawazimi taa zote. Wanaacha mwanga hafifu wa pembeni, kutoka dirishani au kwenye taa iliyo nyuma, wa kutosha kuitenga mboni na duara lake. Wanamulika kutoka chini kidogo, si usoni moja kwa moja. Na wanasisitiza mgonjwa atazame mbali, kwa sababu akiitazama tochi mboni husinyaa kwa kuangalia karibu, na hapo umepima kitu kingine kabisa.

"Shikamoo baba. Angalia pale kwenye kalenda, usiniangalie mimi."

"Marahaba. Kalenda ya mwaka gani hii, mwanangu?"

"Ya mwaka juzi, baba. Wewe iangalie tu."

Ukweli ni kwamba tatizo la macho meusi limekwisha kutatuliwa kiufundi, ila utatuzi wenyewe umekaa kwenye vifaa. Kuna mwanga ulio nje ya uwezo wa macho yetu, ng'ambo ya wekundu, ambao weusi wa jicho hauunyonyi sana. Chini ya mwanga huo duara letu jeusi huonekana la kijivu na mboni hujitokeza kama shimo. Mashine za kupima mboni zina kamera ya namna hiyo. Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2017 kilionyesha simu ya kawaida iliyowekwa kwenye boksi la kuzuia mwanga wa nje ikipima mboni za watu walioumia kichwa. Miaka mitano baadaye wenzao wa San Diego walitumia kamera ile ya simu inayotambua uso wa mwenye simu, na sababu waliyoitaja ndiyo hii ya kwetu: kamera ya kawaida huyashindwa macho ya kahawia iliyokolea. Simu zenye kamera hiyo si zile zinazozunguka kwa wingi mitaa ya Kibamba. Hilo nalo liwekwe kwenye hesabu.

Sasa nije kwenye sehemu inayonivutia zaidi, kwa sababu inaelekea kuuvuka ule mpaka wa kwanza wa kuhitaji jicho moja liwe zima.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mwanga hupokewa na aina mbili tu za seli kwenye retina, fito na koni. Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kuwa kuna seli za ganglioni, yaani zile ambazo nyuzi zake ndizo zinazojenga neva ya jicho, zinazohisi mwanga zenyewe bila kusubiri kuletewa habari. Ndani yake zina rangi inayoitwa melanopsini, na rangi hiyo hupenda zaidi mwanga wa bluu, karibu na nanomita 480. Ni chache, elfu chache tu kati ya milioni moja. Lakini ndizo zinazoujulisha mwili kuwa kumekucha, na ndizo zinazoishikilia mboni ibaki ndogo kwa sekunde nyingi hata baada ya mwanga mkali wa bluu kuzimwa. Mwanga mwekundu ukizimwa, mboni hurudi haraka. Wa bluu ukizimwa, mboni hukawia.

Glakoma inaua seli za ganglioni. Hawa wapokea mwanga ni jamaa wa ukoo huohuo unaouawa. Kwa hiyo badala ya kuuliza kama jicho la kulia linalingana na la kushoto, unaweza kuliuliza kila jicho peke yake: baada ya bluu kuzimwa, ulikawia kiasi gani? Jicho lenye glakoma husinyaa kidogo zaidi na kurudi mapema zaidi. Singapore ndiko kazi hii imefanywa kwa bidii. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa huko lilionyesha kuwa kadiri glakoma inavyokuwa kali ndivyo mwitikio wa mboni kwa mwanga mkali wa bluu unavyofifia. Mwaka 2021 wakaja na kifaa cha kushika mkononi, kinachotumia dakika moja hivi, kilichojaribiwa kwa watu zaidi ya 300, na kikaweza kuwatenga wagonjwa na wazima kwa usahihi mzuri hata pale ugonjwa ulipokuwa bado mdogo.

Nasema mzuri kwa tahadhari. Watu wa Singapore wengi wana asili ya Kichina, Kimalei na Kihindi, na majaribio ya namna hii huanza kwa wagonjwa wanaojulikana na wazima wanaojulikana. Mtaa haukupi watu waliokwisha kupangwa kwenye mafungu mawili. Mtaa unakupa mama mwenye kisukari cha miaka 15, ambacho huzifanya mboni zenyewe kuwa nzito. Unakupa bodaboda aliyegongwa jichoni na kubaki na mboni isiyo mviringo, mzee mwenye mtoto wa jicho anayenyonya bluu kabla haijafika ndani, aliyefanyiwa upasuaji zamani, aliyekwisha kutia dawa za mitishamba, anayetumia dawa kali za maumivu. Umri peke yake huzifanya mboni kuwa ndogo na zisizo na haraka. Hakuna hata moja kati ya haya linaloua wazo, ila kila moja linapunguza usahihi kidogo, na kidogo kidogo hizo zikijumlishwa zinaleta hesabu ambayo wapenzi wa vifaa hawapendi kuifanya hadharani.

Tuifanye sisi. Tuseme tumepata kifaa kinachokamata wagonjwa 85 kati ya 100 na kuwaachia wazima 85 kati ya 100. Namba hizi nimezichagua mimi kwa ajili ya hesabu. Tukiweke uwanja wa shule Kibamba siku ya Jumamosi, tuwapime watu 1,000 wenye miaka 40 na zaidi. Kwa kiwango cha Kongwa, wenye glakoma ni 42. Tutawakamata 36, sita watakwenda nyumbani wakiwa wameambiwa wazima. Kati ya wazima 958, tutawatia hofu 144. Jumla watu 180 wataandikiwa rufaa kwenda Mloganzila, na wanne kati ya kila watano wataambiwa hawana kitu. Mara moja wataelewa. Mwaka wa pili, tukirudi na kifaa chetu, mtaa mzima utakuwa umekwisha kusimuliana kuwa wale wa tochi za bluu wanapoteza muda wa watu.

Hofu hii si yangu peke yangu. Mamlaka ya Uingereza inayoshauri kuhusu upimaji wa watu wasio na dalili haipendekezi kupima umma mzima glakoma, na jopo kama hilo la Marekani lilisema mwaka 2022 kuwa ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza. Wenye fedha na mashine wameshindwa kuamua. Lakini majibu yao si lazima yawe yetu. Kwao glakoma ni adimu zaidi, na mtu hupitia kwa mtaalamu wa miwani anayechungulia neva yake bila hata kuombwa. Ule utafiti wa Baltimore ulikuta glakoma ya pembe wazi kwa Wamarekani weusi mara nne hadi tano kuliko weupe. Anayeuliza swali akiwa upande huu ana haki ya kupata jibu jingine.

Jibu langu ni kuwa tusibadilishe kifaa, tubadilishe foleni. Hesabu ileile inageuka kabisa ukichagua unayempima. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1998, ulikadiria kuwa ndugu wa damu wa mgonjwa wa glakoma, yaani kaka, dada au mtoto, ana uwezekano wa asilimia 22 wa kuupata ugonjwa huo maishani, dhidi ya asilimia 2.3 kwa ndugu wa watu wasio nao. Chukua sasa foleni ya ndugu 1,000 watu wazima, na tuseme 200 kati yao wanao. Kifaa kilekile kitakamata 170 na kuwatia hofu bure 120. Katika kila watu kumi wanaopelekwa hospitali, sita ni wagonjwa kweli. Muuguzi wa kliniki ya macho anaifungua siku yake tofauti kabisa akipokea foleni kama hiyo.

Na foleni hiyo haihitaji uwanja wa shule. Kila mgonjwa wa glakoma aliye kwenye daftari la kliniki ana ndugu, na anajua wanakoishi. Baba mdogo hakuulizwa. Aliandikiwa matone, akaelezwa jinsi ya kuyatia, akapewa tarehe ya kurudi. Swali moja tu la "mmezaliwa wangapi?" lingetupeleka kwa shangazi miezi mingi kabla mimi sijaanza kucheza na tochi ya simu.

Foleni ya pili ni ya wagonjwa wa mtoto wa jicho. Hapa sioni hata haja ya kifaa. Mtoto wa jicho, hata awe mweupe kama maziwa, hutawanya mwanga lakini hauzuii. Jicho lenye neva nzima nyuma yake bado litasinyaza mboni. Ukikuta jicho lililofungwa na ukungu na mboni yake inakataa tochi, nyuma ya ukungu kuna jambo jingine, na jambo hilo mara nyingi ni glakoma. Mgonjwa huyo anastahili kuambiwa kabla ya upasuaji, si baada ya bandeji kutolewa na giza kubaki palepale. Kila kambi ya macho ina tochi. Inayokosekana, zaidi ya mara moja, ni dakika moja ya kuitumia kabla ya matone ya kutanua mboni kutiwa, kwa sababu yakishatiwa jaribio limekufa kwa siku hiyo.

Uzuri wa tochi ya mkono, tofauti na kifaa changu cha kubuni, ni kwamba ikisema kuna tofauti kati ya jicho na jicho, mara chache humsumbua mtu bure. Inaweza isiwe glakoma. Inaweza kuwa retina iliyobanduka, au neva iliyovimba, au uvimbe unaoikandamiza. Yote hayo yanamtaka daktari. Inakosa wengi, lakini ikinyoosha kidole ina sababu. Kifaa cha bluu ni kinyume chake, kinaona zaidi na kinasingizia zaidi. Kwa zahanati ya Kibamba leo hii ningechagua tochi na muuguzi aliyefundishwa mbinu ya mwanga wa pembeni, na kifaa ningekipeleka kliniki ya macho kipime ndugu, mpaka kitakapojaribiwa kwenye macho ya watu wetu na kutupa namba zetu wenyewe.

Bado kuna anayeuliza, na ana haki: mkimkamata, mtampa nini? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa chupa ya timolol, kila siku, maisha yote. Dawa ya matone isiyoonyesha nafuu yoyote huachwa. Mtu haoni vizuri zaidi, anaona tu pesa ikitoka. Jibu bora lilitoka Moshi. Katika hospitali ya KCMC watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 201 wa glakoma, wengine wakapewa timolol na wengine wakapigwa miale ya leza inayofungua mifereji ya kutolea maji ya jicho. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale ya matone. Utafiti wa kwetu, wagonjwa wa kwetu. Leza si ya kudumu milele na mashine yake haiko kila hospitali, lakini inabadilisha hoja nzima: kumtafuta mgonjwa mapema kuna maana zaidi kama tiba haitegemei mtu kukumbuka chupa kila asubuhi kwa miaka 30.

Baba mdogo anaendelea na matone, na jicho la kulia limesimama pale lilipokuwa. Milango halaumu tena. Anageuza kichwa kwanza, kama kuku, halafu anapita.

Mimi nilirudi kwa shangazi Jumapili iliyofuata, mchana, nikamketisha kitini mgongo wake ukiwa kwa dirisha, pazia nimelisogeza nusu. Nilimwambia autazame mwembe wa jirani kupitia mlangoni. Safari hii nilizimulika mboni nikiwa nimetulia, na nikaziona: kulia ikasinyaa, kushoto ikasinyaa, kulia tena, kushoto tena. Mjukuu wake alisimama pembeni akichungulia, naye akamtangazia bibi kila kilichotokea.

"Sasa si umesikia mwenyewe," akasema shangazi, akijifuta machozi ya tochi kwa upindo wa khanga. "Zote mbili zinacheza sawa."

"Zinacheza sawa, shangazi. Lakini tochi haijui kama zote mbili zimeanza kuchoka kwa pamoja. Ndiyo maana Alhamisi tunakwenda."

Akanyamaza kidogo, akauliza kama siku hiyo nitakuja na gari au tutapanda daladala.